Elisi na Kinywa cha Msimulizi

Mhadhara kwa walimu, wazazi na vijana, Chalinze, Mkoa wa Pwani

  

Mwaka 1940, vita kuu ya pili ikiwa imeshawaka Ulaya, kampuni ya Sheldon Press ya London ilitoa kitabu cha Kiswahili kilichoitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Mfasiri wake alikuwa Mwingereza, E. V. St Lo Conan-Davies. Hadithi yenyewe Waingereza walikuwa nayo tangu 1865. Iliandikwa na mwalimu wa hisabati wa Oxford, Charles Dodgson, aliyejiita Lewis Carroll katika vitabu vyake vya watoto, na michoro yake ya kwanza ilikuwa ya John Tenniel: msichana wa Kizungu mwenye nywele ndefu, amezungukwa na wanyama wanaosema. Toleo la Kiswahili lilifuata mpangilio wa Tenniel, lakini msichana aliyewekwa katikati ya wanyama hao ni mtoto wa Kiafrika.

Picha hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko wenu. Miaka 11 kabla ya Walt Disney kutoa filamu yake, Elisi mweusi alikuwa ameshachapwa, anasema Kiswahili cha Unguja, na mtoto wa shule angeweza kumshika mkononi. Tangu hapo filamu zimefuatana, na katika zote zilizovuma duniani msichana ni yule wa Tenniel. Wa kwetu amebaki kwenye karatasi.

Nimekuja na hoja moja. Hadithi hii imejengwa kwa maneno ya mdomoni: kuulizana, kubishana, kukatizana, kujibiwa ovyo na watu wazima wanaojiona wana akili. Watengeneza filamu wa ng'ambo wameishughulikia kwa zaidi ya miaka 120, na mara nyingi wamechukua nguo, kofia na shimo la sungura, mazungumzo wakayaacha. Sisi tunao watu ambao kazi yao ni mazungumzo. Filamu ya Elisi kwa Kiswahili inawezekana, na inawezekana hapahapa Pwani, mradi tuanze na sauti kabla ya picha.

Tukumbuke kwanza kwamba hadithi ilianzia mdomoni. Tarehe 4 Julai 1862, Dodgson na rafiki yake walikuwa wakipiga makasia kwenye mto Thames, wamewachukua mabinti watatu wa mkuu wa chuo cha Dodgson, Lorina, Alice na Edith Liddell. Watoto wakadai hadithi, naye akaitunga palepale. Alice, aliyekuwa na miaka 10, akamng'ang'ania aiandike. Nakala ya mkono alikabidhiwa 1864, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya bahari yetu, kule Unguja, mmisionari Edward Steere alikuwa akiwasikiliza wasimulizi wa Kiswahili na kuandika walichosema. Hadithi zao zilichapwa London mwaka 1870. Humo yumo paa wa Sultani Darai, anayezungumza kwa adabu kuliko mabwana wengi, anayemtoa maskini jalalani na kumwoza binti wa sultani, kisha anaugua na bwana yule anamdharau. Yumo nunda mla watu. Hakuna anayeuliza paa amejifunzia wapi kusema. Mtoto wa Oxford na mtoto wa Unguja walikuwa wakilishwa chakula cha aina moja, na vitabu viwili hivi vilipishana miaka mitano tu.

Tofauti ipo, na ni nzuri. Kwetu sungura ni mjanja. Anamshinda fisi, anamdanganya simba, anakula shamba la watu na kutoka salama. Sungura wa Carroll ni mtumishi mwoga mwenye saa mfukoni, anakimbia kwa sababu amechelewa na anamhofia bibi mkubwa aliyemtuma. Mtoto wa Lugoba au Msata akimwona huyo atacheka kwa sababu ambayo Mwingereza hanayo: mjanja wetu leo kapatikana! Ameajiriwa, amevaa glavu, na jasho linamtoka. Msimulizi mzuri hawezi kuiacha nafasi hiyo ipite.

Kuna mengine ambayo Pwani hii inayo tayari. Malkia mkali wa kitabu ni karata, na karata zetu zina majina yaliyotufikia na Wareno: kopa, shupaza, uru, pau. Mtoto aliyekaa pembeni akiwatazama wakubwa wakicheza arubastini anamjua Malkia wa Kopa kabla ya kufundishwa. Katika uwanja wa malkia huyo watu wanacheza mpira kwa kutumia ndege wenye shingo ndefu kama magongo. Ndege hao ni heroe, na heroe wanaonekana Saadani, kwenye mashamba ya chumvi karibu na mdomo wa mto Wami. Yumo pia kasa mwenye majonzi anayesimulia shule aliyosoma baharini; na kasa wa kweli hupanda ufukwe wa Madete, ndani ya hifadhi hiyohiyo ya Saadani, kutaga mayai. Siyasemi haya ili kujisifu. Nayasema kwa sababu mtengeneza filamu wa Pwani hana haja ya kununua mandhari.

Nataka tukae kidogo kwenye sura moja, ile ya chai. Elisi anafika kwenye meza ndefu iliyowekwa nje, chini ya mti. Wamekaa watatu: mshona kofia, sungura wa pili mwenye wazimu, na mnyama mdogo kama panya ambaye muda wote amelala na wenzake wanamwegemea kama mto. Viti ni vingi, lakini wanapiga kelele kwamba nafasi hakuna. Mshona kofia anaeleza kwamba aligombana na Wakati, na tangu siku hiyo saa imeganda. Kwa saa ya Kiingereza imeganda saa sita jioni, muda wa chai, kwa hiyo hawana nafasi hata ya kuosha vikombe. Vikichafuka wanasogea kiti kimoja mbele.

Sasa isomeni kwa saa yetu. Ni saa kumi na mbili jioni. Kwa mtoto wa Pwani hiyo ni magharibi, adhana inakaribia, mama anaita kutoka uani, na kila aliyelelewa huku ameambiwa kwamba mtoto hazururi nje saa hizo, hasa chini ya mbuyu, kwa sababu ndio muda wa wenyewe kupita. Meza ambayo magharibi yake haiishi ni meza ya kutisha. Elisi amekaa nje, chini ya mti, na watu asiowajua, saa ambayo alitakiwa awe amesharudi, na hakuna wa kumwita. Filamu nilizoziona zimeigeuza sura hii kuwa fujo za birika na vikombe. Kwa Kiswahili ingeweza kuchekesha na kumfanya mtoto asogee karibu na bibi yake kwa wakati mmoja, na ndivyo hadithi zetu zilivyofanya siku zote.

Mshona kofia naye tunamjua. Ni yule mzee wa barazani anayezungusha uzi kwenye matundu madogo ya kofia, macho yake yako kwenye sindano na masikio yako kwa wapita njia. Katika mchoro wa Tenniel kofia aliyovaa ina karatasi ya bei, maana ni ya kuuza. Hana ya kwake.

Walimu, hapa pana jambo lenu. Kila Elisi anapojaribu kukariri alichofundishwa shuleni, maneno yanatoka mengine. Watoto wa Kiingereza wa 1865 walivunjika mbavu kwa sababu mashairi halisi, ya akina Isaac Watts na Robert Southey, walikuwa wamekaririshwa, wengine kwa fimbo. Mtoto wetu hayajui. Ukimletea mzaha juu ya kitu asichokijua, hatacheka, na hana kosa. Elisi wa Kiswahili lazima aharibu kile ambacho watoto wetu wanakijua kwa moyo: majedwali ya kuzidisha, nyimbo za mstarini, methali. Fikirini msichana ambaye amenywa kitu akawa mdogo kama kidole, amesimamishwa na kiwavi mwenye kiburi, anaambiwa atoe methali, naye kwa unyenyekevu anasema: mtaka cha mvunguni sharti asinyae. Darasa zima litapiga kelele kumsahihisha. Kelele hiyo ndiyo Carroll aliyoitaka.

Kwenye skrini hadithi iliingia mapema sana. Mwaka 1903 Cecil Hepworth na Percy Stow walitengeneza filamu bubu ya dakika kama 12, ndefu kuliko filamu yoyote iliyokuwa imetengenezwa Uingereza hadi siku hiyo. May Clark alikuwa Elisi. Kwa ujanja wa kamera walimfanya arefuke na kupungua, na watu walishangaa. Lakini ilikuwa bubu! Kitabu cha watu wanaobishana kilianza maisha yake ya filamu bila neno hata moja la kutamkwa.

Filamu ya Disney ya 1951 ndiyo iliyoupa ulimwengu sura ya Elisi inayojulikana leo. Ni kazi ya wachoraji hodari, na rangi zake bado zinang'aa. Walichanganya kitabu cha kwanza na cha pili cha mwaka 1871, wakakata mabishano mengi, wakaweka nyimbo. Mwaka uleule wa 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, nchi inayoelea angani, na moyo wa kitabu ni kesi: Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ameanzisha somo la sheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe waliodhulumiwa. Kitabu cha Carroll nacho kinaishia mahakamani, ambako malkia anataka adhabu itangulie na uamuzi ufuate. Mmoja aliiweka nchi yake chini ya ardhi, mwingine akaiweka angani, na wote wawili wakamsimamisha mtu mmoja mwenye akili timamu mbele ya wenye vyeo ili aseme. Karama anashinda kwa ufasaha wake. Elisi anashinda anapokataa kuendelea kuwaogopa. Mwalimu wa fasihi anayefundisha Kusadikika anaweza kuziweka kesi hizi mbili ubaoni, moja kando ya nyingine, na nina hakika kipindi hakitamtosha.

Filamu ya Tim Burton ya 2010 ndiyo ambayo vijana wengi waliopo hapa wameiona. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1. Humo Elisi ana miaka 19, amevaa deraya na kushika upanga, na mwisho anamkata joka kichwa. Sipingi msichana kushika upanga. Ninachosikitikia ni kwamba yule mtoto aliyeshinda kwa kuuliza maswali amegeuzwa askari kama askari wengine wa filamu, na akishakuwa askari hana haja ya kusema.

Zipo mbili ambazo hazikuvuma kama hizo na zinatufaa zaidi. Mwaka 1966 Jonathan Miller aliitengenezea BBC filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, muziki wa Ravi Shankar, na wanyama wake wengi wakachezwa na watu wasiovaa vinyago. Ukimtazama mwigizaji unamtambua mnyama kwa namna anavyosema tu. Mwaka 1988 Jan Švankmajer wa Chekoslovakia akatoa yake. Sungura wake ni mnyama aliyekaushwa na kushindiliwa unga wa mbao, unaomvuja tumboni kila anapotembea. Na sauti zote, za sungura, malkia, mshona kofia, anazitoa msichana mwenyewe. Kila mnyama anaposema, kamera inakuja karibu kabisa na midomo ya mtoto, naye anasema maneno yale na kumtaja aliyeyasema.

Kinywa kimoja kinabeba watu wote. Watu wa sinema Ulaya waliliona hilo kuwa jambo jipya. Vijana wa Tanzania walilizoea kwenye vibanda vya video.

Wenye umri wa kukumbuka mnajua. Deki, televisheni, spika moja, mabenchi, kiingilio cha sarafu, na sauti ya Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kazi hii ya kuwasimulia watazamaji filamu za kigeni ilikuwa imeshakomaa Uganda, kwa wale wanaoitwa VJ, na Lufufu aliifanya ikawa ya Kiswahili. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza nani ni nani, akajazia kilichokosekana, akawapa wahusika maneno ambayo Mswahili angeyasema, akaonya hatari kabla haijafika. Mwanamume na mwanamke, mzee na mtoto, wote walitoka kinywani mwake peke yake, sauti ya asili ikisikika kwa mbali nyuma yake. Wapo waliosema ni uharibifu wa filamu za watu. Mimi nasema alikuwa akifanya kile ambacho wasimulizi wa Steere walikifanya, isipokuwa mbele yake palikuwa na kioo.

Sanaa hiyo haijafa. Chalinze ndipo barabara ya Morogoro inapoachana na ile ya Segera, Tanga na Kaskazini. Mabasi yanayosimama hapa abiria wanunue maji na mananasi ya Kiwangwa yana skrini juu ya dereva, na mara nyingi kinachooneshwa ni muvi iliyotafsiriwa. Tazameni abiria: hata aliyegeukia dirishani anasikiliza. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na baadaye Azam TV ikafanya hivyo kwa tamthilia za Kituruki. Kwa hiyo leo wapo watu wanaolipwa kuwasemea wengine kwenye skrini. Wamemsemea mama mkwe wa Kichina na sultani wa Kituruki. Elisi hatawashinda.

Kwa upande wa uigizaji, kutoka Msata ni kilomita 64 za lami mpaka Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981 ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Vijana wanafundishwa pale ngoma, maigizo na muziki. Mtu anayeweza kuwa fisi jukwaani kwa bega na shingo tu, bila ngozi wala mkia, ndiye Miller aliyekuwa akimtafuta mwaka 1966. Na tusidhani kwamba filamu zetu hazijawahi kugusa ajabu. Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo mwaka 2001 ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar, ina bibi wa kale anayekuja kutoka ulimwengu wa wahenga. Mwanajuma Ali Hassan alimcheza kwa uso na sauti, na mtazamaji anaamini. Mbele yake yupo Samehe, aliyechezwa na Amandina Lihamba, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi, na filamu nzima inasubiri afungue kinywa.

Najua swali linalokuja, maana nimeshaulizwa: kwa nini Elisi, wakati paa wa Sultani Darai na nunda mla watu bado hawajatengenezewa filamu inayowastahili? Swali ni la haki na sitaki kulikwepa. Ningefurahi kuona nunda akitangulia. Lakini Elisi ana kitu ambacho hadithi zetu nyingi za kale hazikumpa msichana. Msichana wa hadithi zetu mara nyingi anaozwa, anaokolewa, anaibwa na zimwi. Elisi anatembea peke yake, anakosea njia, anauliza, anawajibu wakubwa waliokosa adabu, na anarudi nyumbani na kila kitu chake. Nawataka mabinti wa Chalinze wamsikie msichana huyo akisema kwa lugha yao. Baada ya hapo mbinu ileile, msimulizi mmoja na waigizaji wachache, itamfaa nunda, na itamfaa Karama.

Maandishi yapo. Mwaka 2015, kitabu kilipotimiza miaka 150, Ida Hadjivayanis, Mtanzania anayefundisha Kiswahili London na aliyekuja kuifasiri riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi, alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, kwa wachapishaji Evertype. Baina ya Elisi wa 1940 na Alisi wa 2015 pana miaka 75, na lugha imesogea.

Kuhusu haki, tuwe waangalifu na tusiogope. Carroll alifariki 1898. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kitabu cha Kiingereza hakina mwenyewe wa kutudai. Tafsiri ni jambo jingine: anayetaka kutumia maneno ya mfasiri aliye hai amwombe na amlipe. Sura na nyimbo za Disney ni mali ya Disney, na hatuzihitaji. Njia iliyo safi kuliko zote ni kukaa na kitabu cha asili na kuandika mazungumzo yetu upya, na walimu wa Kiswahili waliomo humu wanaweza kuifanya kazi hiyo.

Ningeanza na sura ya chai, peke yake, filamu ya dakika kumi. Baraza moja ya Bagamoyo, mti, meza ya kuazima, saa ya ukutani iliyogandishwa kwenye kumi na mbili. Waigizaji wanne. Mshona kofia awe na sindano mkononi na kofia isiyokwisha. Ipigwe picha jioni yenyewe, siku kadhaa mfululizo, kwa kuwa mwanga ule haudumu. Na kabla ya kamera kuguswa, tupate msimulizi: apewe sura hiyo, aisome, afunge kitabu, aisimulie kwa sauti zote nne mbele ya watoto wa darasa la nne, huku mmoja wetu akirekodi kwa simu. Watoto wakianza kuongea wao kwa wao, arudie. Wakimkatiza kumsahihisha Elisi, hiyo sauti tuitunze. Shule zilizo kando ya barabara kuu zinaweza kuanza muhula huu, na walio tayari tubaki kidogo baada ya maswali tuandikiane majina na namba za simu.